Kishikio cha Mkono wa Kushoto

Temeke,
12 Julai 1975

Kaka Mwishehe,

Shikamoo. Sie hapa tupo, unga wa njano bado ndio huohuo, na foleni ya duka la ushirika mkia wake unafika hadi kwa muuza mkaa. Nimekusalimia vya kutosha, sasa nisikilize.

Mama ameteleza chooni. Usishtuke, hakuvunjika. Alikuwa anainuka, akatafuta pa kujishika, akashika ukuta. Ukuta wetu unaujua, udongo na fito. Ulimwachia bonge mkononi, akaenda nalo chini. Nilimkuta kaketi sakafuni, lile bonge bado kalikumbatia. Nilianza kucheka, halafu nikaona mwenzangu hacheki.

Tangu siku hiyo roho yangu haitulii. Kiwandani cherehani zote zinapiga kelele, lakini mie nasikia kishindo cha uani Temeke. Juzi nimeshona shati lenye mikono upande mmoja. Msimamizi akaniuliza nawashonea watu wa nchi gani. Zamu ikiisha nakimbia kama niliyeacha chungu motoni.

Nataka nimwekee kishikio, kitu cha kukamata wakati wa kuchuchumaa na wakati wa kuinuka. Wewe huko relini kutwa unafunga vyuma vya kushikilia kwenye madaraja, basi nieleze. Kiwe cha chuma au cha mti? Kimo gani? Kisimame upande gani? Chora, nami nitampelekea fundi mmoja wa Keko, anaitwa Kasimiri, mtu wa Newala. Wanamsifu kwamba hana ule ugonjwa wa mafundi wa "njoo kesho".

Mama anakusalimu sana. Anasema usije, maana hiyo kazi ndiyo kwanza inakutia nyama mashavuni. Anafunga sunna za Rajabu, ndiyo sababu kakonda kidogo. Ukisikia kwa watu usidhani mengine.

Dadako,
Hamisa

*

Mlimba, Kambi ya Reli,
21 Julai 1975

Hamisa,

Marahaba. Barua yako imenifikia nikiwa nimening'inia juu ya mto, nikaisoma mkono mmoja umeshika chuma, kwa hiyo swali lako limekuja mahali pake.

Nisikilize vizuri. Ukuta usiguswe kabisa. Kishikio kinachotegemea udongo ni mtego, si kishikio. Zichimbiwe nguzo mbili ardhini, nje ya mdomo wa shimo, moja mbele na moja nyuma kidogo, kisha mti mmoja ulale juu yake. Bomba la inchi moja lingefaa zaidi ya mti, kama mtalipata. Kimo ni hiki: mama asimame mikono imelegea, na mti ufike kwenye kifundo cha mkono. Ukiwa juu zaidi atakuwa anajivuta, badala ya kujiinua.

Upande ni wa kulia. Nakusudia kulia kwake yeye akiwa amekwisha kugeuka, anatazama mlango. Fundi asije akasimama mlangoni akahesabu kulia kwake yeye. Na iwe kulia kwa sababu mkono wa kushoto una kazi yake mahali pale, na kazi hiyo siiandiki, mtoto wa Kizaramo hafundishwi.

Mchoro huu hapa. Nimeandika kwa wino mwekundu USIBADILISHE. Huku mtu mmoja alibadili mchoro wa mwenzake kidogo tu, tukashinda tunafungua nati na kuzifunga upya, na Wachina wakitutazama bila kusema neno. Bora wangetutukana.

Mwambie mama nimefurahi kusikia anafunga. Mwanawe huku hata ya faradhi naiendea kwa kuchechemea. Ndio hao wazee wanaotuombea tukalala usingizi.

Kakako,
Mwishehe

*

Temeke,
1 Agosti 1975

Kaka,

Shikamoo. Fundi Kasimiri amekuja. Ni mtu mrefu, mpole, anaongea kama anasoma misa. Aliutazama ukuta wetu, akaubonyeza kwa kidole kimoja, akanitazama kwa huruma. Saruji hakuna bila kibali, hata kama kiwanda cha Wazo ungekihamishia uani kwetu. Bomba nalo tumelitafuta hadi Vingunguti, tukarudi na harufu ya machinjioni tu. Kwa hiyo ni mti. Nguzo za mkoko kwa sababu haziozi upesi, na mti wa juu ni mninga. Vanishi hatapaka, anasema mkono wa maji hauna urafiki na vanishi. Atauviringishia kamba ya katani ili kiganja kisiteleze. Nguzo atazishindilia kwa mawe na vigae.

Shida ilikuwa kipimo. Mama alisema hapimwi na mwanamume asiyemjua, tena kwa ajili ya choo. Nikampima mie kwa kamba, fundi akaipokea akiwa amegeuza uso, kama mtu anayepewa kitu cha siri.

Sasa nauliza jambo, na ni kuuliza tu. Kikikaa kushoto kuna ubaya gani? Kulia kule nguzo itabanana na mlango. Mie naona kushoto ndiko kuna nafasi. Usinijibu kwa hasira zako za nati.

Rajabu inakwisha, lakini mama anasema ataunganisha na Shaabani. Nimechoka kumbembeleza.

Hamisa

*

Keko,
9 Agosti 1975

Ndugu Mwishehe Mfaume,

Salamu kwako na kwa kazi yako ya taifa. Hatujaonana. Mimi ni Kasimiri, seremala, ninayetengeneza kishikio cha mama yetu Bi Mwamvita pale Temeke.

Ndugu, nisamehe kwa kukuandikia bila dada yako kunituma. Nina tatizo la kazi. Mchoro wako unasema upande wa kulia. Dada Hamisa anasema nichimbie kushoto. Nilimwuliza kama mlango ndio sababu, nikapima, nikaona mlango hauhusiki, nafasi ipo tele. Mimi nafahamu sababu yenyewe, nami nadhani dada ana haki. Mkono wa kulia wa mama umelala, na mguu pia unaburuta, tangu ule ugonjwa wa mwezi wa sita. Kishikio cha kulia angekishika kwa kitu gani?

Lakini mchoro ni wako, na umeandika kwa wino mwekundu nisibadilishe. Aliyenifundisha kazi hii alituambia kubadili mchoro wa mtu ni sawa na kubadili maneno yake kinywani. Pengine wewe unajua jambo nisilolijua, labda daktari amesema mkono utaamka. Kwa hiyo nimesimamisha kazi, mashimo yamechimbwa pande zote mbili.

Niandikie neno moja tu, kulia au kushoto. Mungu amponye mama.

Wako katika kazi,
Kasimiri, fundi

*

Mlimba,
17 Agosti 1975

Hamisa,

Sikusalimu. Mkono wa mama umelala, maana yake nini? Umelala tangu mwezi wa sita na mimi huku nakuchorea kulia na kushoto kama mpumbavu, naandika na wino mwekundu juu. Nimeambiwa na mtu nisiyemjua sura yake, tena ananiuliza kwa adabu, akidhani mimi mwana najua habari za mama yangu kuliko yeye. Nilisoma barua yake mbele ya wenzangu nikasema ni mambo ya mbao.

Kumbe hakuteleza. Kumbe lile bonge la udongo alilishika kwa mkono wa kushoto kwa sababu ndio pekee alionao. Nawe ukaniletea kichekesho.

Fundi nimemjibu neno moja kama alivyotaka: KUSHOTO. Wewe nijibu yote. Usipojibu napanda gari la kwanza, na kazi ifie mbali.

Mwishehe

*

Temeke,
25 Agosti 1975

Kaka,

Shikamoo. Tukana tu, haki yako.

Kiharusi kilimpata asubuhi, akiwa anapepeta mchele. Ungo ulimtoka mkononi. Mdomo ulipinda, ukarudi baadaye, mkono haukurudi. Hospitali walimlaza, wakamruhusu. Nilichukua karatasi nikuandikie siku ileile, akaniapisha kwa kaburi la baba. Alisema baba alipougua uliacha kazi ya bandarini ukaja kukaa kitandani pake, baba akafa hivyohivyo, na wewe ukazurura na njaa muda mrefu. Alisema hataki kuwa sababu ya pili. Mie nikaapa. Ungekuwepo wewe ungeapa pia, jicho lake unalijua.

Hilo nimekwambia. Sasa kuna jingine, na hili fundi halijui.

Kishikio kimesimama. Kushoto, imara, hata mie nimejining'iniza juu yake, hakikutikisika. Siku ya kwanza mama alikataa nimsindikize. Nikasimama nje ya pazia la makuti la mlangoni. Nikamsikia anashika, anashuka taratibu, nikamshukuru Mungu. Kisha kimya. Nikangoja kusikia maji, sikuyasikia. Halafu akaniita, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mti, kaka. Akiuachia anaanguka. Asipouachia, atajisafisha kwa nini? Tumeandikiana kulia na kushoto, wewe na mie na fundi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mkono ni mmoja.

Nikamsafisha mie. Alifumba macho mpaka nikamaliza. Tangu siku hiyo haniambii chochote kuhusu choo.

Na ule mkono mmoja ndio pia wa chakula. Yeye ndiye aliyetuchapa vidole tukigusa tonge kwa kushoto, sasa aanze yeye? Nikajaribu kumlisha, akafunga mdomo. Nikampa kijiko, akaniuliza kijiko nacho kinashikwa na mkono gani. Ndipo nilipoielewa saumu yake. Hizi si sunna. Anafunga choo. Asiyekula haendi, na asiyekwenda hamwiti mtu. Jioni anakunywa maji na tende moja, anasema kashiba. Kanga inamzunguka kupita ilivyokuwa ikimzunguka alipokuwa msichana, na wewe ukaniandikia umefurahi kusikia anafunga. Nilimsomea maneno yako hayo, akatabasamu.

Nikamwambia, mama, si ulituosha sie? Akanijibu: "Mtoto huoshwa kwa sababu atakua. Mie nikue niwe nani?"

Naogopa, kaka. Naogopa atakufa kwa aibu, na watu watasema alikuwa mcha Mungu.

Hamisa

*

Mlimba,
2 Septemba 1975

Dada yangu Hamisa,

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaichukua tena. Hasira zimekwisha, kimebaki kitu ambacho sikijui jina. Nakwenda huku nikirudi huku kambini, wenzangu wananiuliza kama nimepoteza kitu.

Jambo ninaloliweza ni mbao na vyuma, basi pokea hili. Fundi Kasimiri atengeneze kiti chenye tundu, kikae juu ya shimo. Kiwe na mgongo, na ubavuni kulia kiwe na ubao wa kumzuia asiegemee akaanguka upande uliolala. Mama ashike kishikio wakati wa kukaa tu, akishakaa auachie mti, mkono uwe huru, kopo la maji liwe karibu nao. Akimaliza ashike tena, ainuke. Mchoro nimeuweka ndani. Safari hii mwambie abadilishe anavyoona, mimi sijui kitu.

Mama msomee haya: Mama, shikamoo. Mwanao nakuomba ule. Ikiwa ombi halitoshi basi naamuru, mimi ndiye mwanamume wa nyumba hiyo tangu baba alipoondoka. Kula kwa mkono wowote. Naomba ruhusa kazini, mfungo mosi haujafika nitakuwa hapo, nitakubeba mwenyewe popote unapotaka kwenda.

Kakako,
Mwishehe

*

Temeke,
11 Septemba 1975

Kaka,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Kiti kimekuja. Fundi alikibeba kichwani kutoka Keko hadi hapa, watoto wakamfuata wakidhani ni kiti cha enzi cha kanisani. Amekichonga vizuri, kingo zote laini. Mama alikikalia uani kwanza, akanena neno moja: "Mwanangu anajua mbao." Chooni nako kinamfaa, anakaa, anaachia mti, anajimudu. Haniiti tena. Nilidhani tumemaliza.

Lakini hakula. Sasa ni mbaya zaidi, maana zamani mkono ule ulikuwa umeshika mti, na sasa umerudia kazi yake hasa. Anautazama kama mgeni aliyemkalia kitandani. Na Ramadhani ndiyo imeingia, ana ruhusa ya dunia nzima ya kutokula. Magharibi nikimwandalia futari anasema kwanza asali, akimaliza kusali anasema usingizi umemkamata.

Barua yako nilimsomea. Uliposema naamuru, alicheka kidogo, akaniuliza: "Huyu naye atanibeba anipeleke wapi? Chooni?" Kisha akalia, na mkono wa kushoto ukawa unafuta machozi, akauona, akaushusha. Kaka, usirudie kumwandikia kwamba utambeba.

Leo usiku sikulala. Nimekumbuka mtu mmoja. Yupo Mbagala, Bi Somoe, kungwi wake, aliyemtia ndani alipovunja ungo. Mzee yule ni mchafu wa kinywa, anatafuna tumbaku, na tangu niko mdogo mama humwogopa yeye tu duniani. Mama aliniapisha habari ya ugonjwa wake isitoke nje ya ua huu. Nilishakivunja kiapo kimoja, cha pili hakitaniua. Zamu yangu nimembadilisha mwenzangu, kesho napanda basi la Mbagala.

Hamisa

*

SIMU YA MAANDISHI
TEMEKE 15 SEPTEMBA

USIJE KWANZA. BI SOMOE KASEMA MWALI YUPO NDANI MWANAMUME HAPITI. BARUA YAFUATA. HAMISA

*

Mlimba,
16 Septemba 1975

Hamisa,

Nimepata simu yako ruhusa ikiwa tayari mfukoni na sanduku limefungwa. Mwali gani? Mama ana umri wa kupata wajukuu, si wa kuwekwa ndani. Nimekaa juu ya sanduku langu stesheni, gari likaja, gari likaondoka, watu wakaniuliza kama nasubiri mtu.

Nimekutii kwa sababu mara zote nilizoamua mimi mambo yalikwenda kombo. Lakini niandikie upesi. Niambie kama anakula. Mengine yote yanaweza kungoja, hilo haliwezi.

Mwishehe

*

Temeke,
22 Septemba 1975

Kaka,

Shikamoo. Naandika nimekaa kizingitini, zamu yangu ni ya jioni.

Bi Somoe alikuja na kifurushi chake na tumbaku yake. Hakuuliza hali. Alisimama mlangoni mwa chumba akamwangalia mama kuanzia kichwani, akasema: "Mwamvita, umekuwa ukuni. Nani kakuruhusu?" Mama alijaribu kuinuka amwamkie, mkono wa kulia ukaning'inia, akataka kuuficha kwenye kanga. Bi Somoe aliukamata ule mkono uliolala akausalimia kwanza, akaubusu, ndipo akausalimia wa kushoto.

Kisha akanifukuza. Kweli, kanifukuza mie kwenye nyumba yetu kama mtu asiyefundwa. Nikamwomba anieleze atafanya nini. Akasema: "Huyu nilimtia ndani mie, nikamwambia mkono huu ule na huu uchambe. Niliyemfunga ndiye wa kumfungua. Kazini kwako hawakutaki?" Akapiga komeo.

Yaliyosemwa humo siyajui, na nisingekuandikia kama ningeyajua. Nilipita dirishani nikasikia anaimba nyimbo za ndani, sauti imemkwaruza. Siku nyingine nikasikia mama analia, si kidogo, analia kama aliyefiwa, na Bi Somoe hamnyamazishi. Siku nyingine nikasikia wanacheka wote wawili, cheko la matusi, jirani akaniuliza tuna shughuli gani mwezi mtukufu. Fundi Kasimiri alipitia kukaza nguzo, alipousikia wimbo akaweka nyundo chini akaondoka bila kuaga. Kwao Newala nako, aliniambia baadaye, mlango ukifungwa hivyo mwanamume hana swali.

Jana Bi Somoe alitoka akadai nauli na tumbaku, akaondoka. Kanipita kama hanijui.

Sasa ya leo. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha, jua utosini, mtaa wote umelala kwa saumu. Mama katoka chumbani anaburuta mguu, kaenda chooni mwenyewe. Nimesikia anashika, anakaa, kimya, maji, anashika, anainuka. Sikwenda hata kwenye makuti, nilibana hapahapa nilipo. Katoka, kaenda kwenye mtungi, kaomba sabuni. Kile kipande tulichobakiwa nacho nimempa chote. Kaunawa mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko, pole pole, kidole kimoja kimoja, mie nikimmiminia. Kisha hakurudi ndani. Kavuta mkeka katikati ya uani, mahali anapoonekana na kila mtu, kaketi, akasema: "Hamisa, mie mgonjwa, saumu hainihusu. Nipikie."

Nilipika kama mwizi, nikijiunguza. Wali, na samaki mkavu, hatukuwa na kingine. Kasema Bismillahi kwa sauti ya kusikika nje, kapeleka mkono wa kushoto sahanini. Tonge la kwanza lilimsambaratikia, punje zikamwangukia kifuani. La pili akalikusanya. Jirani yetu kachungulia juu ya ua, akasema astaghfirullahi. Mama kamwangalia, mdomo umejaa, akamwambia karibu.

Sasa unaweza kuja. Usimbebe.

Naacha hapa, kaka. Ananiita. Anataka aongezwe.

Hamisa